Maji Yaliyochemshwa Mara Tatu

Wanawake wa Kitanzania wa Troyeville, Johannesburg, wakifiwa, mtu wa kwanza kupigiwa simu si sheikh. Ni Bi Saida. Sheikh atapigiwa baadaye. Bi Saida atauliza mambo matatu tu: marehemu yuko wapi, maji ya moto yapo, na nani wa kumsaidia kugeuza. Halafu atachukua mkoba wake mweusi na kuteremka ngazi. Ndani ya mkoba mna sanda, pamba, kafuri, udi, na majani makavu ya mkunazi ambayo mpwa wake humletea kutoka Tanga kila anapokuja kuchukua mzigo.

Hiyo ya kuosha maiti ndiyo kazi yake ambayo hailipwi. Ile inayolipa ni visheti. Kila siku isipokuwa Jumapili anakaa Fordsburg, mbele ya duka la vitambaa, na meza yake ya visheti, kashata na chupa mbili za chai ya tangawizi. Mdomo anao. Mteja akilalamika kwamba visheti vimekuwa vidogo, anamwambia, "Si vidogo, baba, ni mdomo wako umekuwa mkubwa," na mteja anacheka na kununua.

Ameishi Johannesburg miaka zaidi ya ishirini, na baridi ya mji huu hajaizoea hata kidogo. Kuanzia Mei anavaa sweta tatu na kikoi chini ya buibui. Anatoka nyumbani kwenda mezani, mezani kurudi nyumbani, basi. Haendi harusini, haendi kumtazama mzazi, haendi kumjulia hali mgonjwa. Akialikwa anajibu neno moja: baridi ikiisha. Watu walishamzoea. Lakini mtu akifa, hata iwe Julai na mabomba yameganda, utamwona Bi Saida akiteremka ngazi na mkoba wake. Wafu walimpata wakati wowote. Wazima walisubiri Septemba.

Samira alikuwa mmoja wa hao wazima.

Yeye na Saida walikuja pamoja kutoka Tanga, wakapanga chumba kimoja Troyeville, godoro moja na blanketi moja. Jumapili walisukana nywele. Samira alikuwa na nywele nyingi, ngumu, zinazovunja vitana, na Saida alikuwa akimvuta mpaka anatoa machozi. Ndiye Samira aliyejua kuosha. Alijifunza kwa nyanya yake. Msichana wa Pangani alipofariki hospitalini na kukosekana mwanamke wa kumsitiri, Samira alimwambia Saida, "Shika miguu," na tangu siku hiyo wakawa wawili. Wakiwa wanarudi nyumbani siku ile waliwekeana ahadi, nusu kwa mzaha. Nikitangulia mimi, wewe ndiye utakayeniosha. Asinishike mwingine.

Kisha Samira akaolewa na Bakiri, Mzanzibari mwenye duka dogo Durban, akahamia huko. Akazaa binti mmoja, Masika. Simu zilikuwa kila wiki. Kuonana kukawa mara moja kwa mwaka, halafu mara moja kwa miaka miwili.

Mwezi wa Mei Samira alisema figo zinamsumbua. Julai akapiga tena.

"Saida, njoo unione."

"Baridi ikiisha, mwenzangu."

"Durban hakuna baridi. Huku nimekaa barazani na kanga moja."

"Na hapo stesheni alfajiri nikisubiri basi? Nitaganda."

"Ugande nini na minofu yote hiyo."

Wakacheka wote wawili. Halafu Saida akasikia pumzi za Samira, nzito, kama mtu aliyepanda ngazi.

"Haya," Samira akasema. "Lakini usinikawize."

Kweli stesheni alfajiri kuna baridi. Lakini kulikuwa na kingine ambacho Saida hakumwambia mtu. Maiti hakumtia hofu. Maiti hakutazami machoni. Mgonjwa ndiye anayekutazama. Kila alipojiwazia amekaa kitandani kwa Samira, akimwona amekonda na hana la kumwambia, neno baridi lilimtoka lenyewe.

Agosti ikaisha. Septemba ya Johannesburg inamhadaa mtu. Mipichi ya uani ilichanua yote kwa wakati mmoja, watoto wakaenda shule bila masweta, na mchana jua lilichoma mpaka Saida akavua kikoi. Alifua mablanketi akayafunga juu ya kabati. Sasa hakuwa na kisingizio, lakini ikaja Maulidi, na oda za visheti zikawa nyingi. Akamwambia Samira, Maulidi ipite, nakuja. Maulidi ikapita Jumatatu. Akasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Ijumaa baada ya magharibi Bakiri akapiga simu. Saida aliposikia ni sauti ya Bakiri badala ya Samira, alikaa chini kabla hajaambiwa.

"Shemeji, mwenzako ametutoka."

Mazishi yangekuwa asubuhi. Wanawake wa msikiti, Wahindi wazoefu, walikuwa tayari kumuosha usiku uleule. Saida akamkatiza.

"Shemeji, nakuomba. Asiguswe na mtu. Mimi na yeye tuna ahadi."

"Naijua. Aliniambia. Utafika saa ngapi?"

"Saa tano asubuhi niko mlangoni kwako."

"Basi tutamzika baada ya adhuhuri. Lakini isizidi hapo, shemeji. Unajua maiti hacheleweshwi."

"Najua," Saida akasema. Nani angejua kuliko yeye.

Yasini, kijana wa Unguja anayechukua vitambaa Durban kwa ajili ya maduka ya Fordsburg, alikuwa anaondoka saa kumi na nusu alfajiri. Kombi lake lilikuwa tupu, isipokuwa abiria mmoja aliyeketi nyuma, Mama Victorine, mwanamke wa Lubumbashi aliyekuwa anaenda kumwona kaka yake.

Upepo ulikuwa umegeuka usiku. Saida aliuhisi alipofungua mlango wa chini, ukampiga kifuani. Mablanketi aliyaacha juu ya kabati.

"Bi Saida, redio imesema kuna theluji huko milimani," Yasini akasema, akiwasha gari.

"Septemba?"

"Ndivyo ilivyosema."

"Redio nayo ilale. Endesha."

Akaendesha. Taa za mji zikaisha, kukapambazuka, na mashamba ya Free State yakatokea yakiwa ya kijivu. Karibu na Harrismith ikaanza kudondoka. Yasini alidhani ni majivu, kwamba kuna mtu anachoma nyasi. Kisha kioo kikawa cheupe chote na vifutio vikaanza kulia. Hakuna hata mmoja wao watatu aliyewahi kuiona kwa macho ikishuka hivyo, nene, haina sauti, inafuta mistari ya barabara.

Mbele yao magari yakasimama. Saa mbili na nusu asubuhi. Wakasema labda ni ajali itaondolewa. Saa tatu na nusu hakuna aliyesogea hata hatua. Dereva wa lori la mbele, mzee wa Kizulu aliyejifunga blanketi, akapita anagonga vioo na kuwaeleza watu: malori yameteleza kwenye mteremko, yamelala kukata barabara, na chini ya theluji kuna barafu. Leo hatoki mtu.

"Banasema ni ya leo yote," Mama Victorine akasema. "Na miye nilivaa sandale."

Saa tano Bakiri akapiga. Saida akatazama dirishani. Weupe mtupu, na mgongo wa lori.

"Umefika wapi, shemeji?"

"Tunakaribia," Saida akasema. "Tumeshapita Maritzburg. Nusu saa tu."

Lilimtoka tu, kama linavyowatoka watu wa kwao kila siku. Mtu yuko kitandani anasema yuko njiani. Yuko njiani anasema yuko kona ya hapo. Anayeambiwa anajua kupunguza, kwa hiyo hakuna anayedhurika. Mwenyewe Saida alikuwa akiwaambia wateja hivyo hivyo, na hawakumchukia. Lakini Bakiri siku ile hakupunguza. Aliyachukua maneno yalivyo.

Yasini akamtazama kwenye kioo.

"Unanitazamia nini? Magari yataondoka."

"Sijasema neno, Bi Saida."

Akafungua mlango akateremka. Alikuwa na wazo la kufika mbele kwa miguu, apate gari lililo upande wa pili wa ajali. Alipiga hatua sita. Ya saba ikakanyaga barafu, miguu ikamtoka, akaanguka ubavu, na mkoba ukateleza mbele ukajigonga kwenye tairi la lori. Yasini akaja mbio, amevaa kandambili na soksi, naye karibu aanguke. Asingeweza kumshika mkono mwanamke asiye maharimu yake. Alivua kikoi alichojifunga kichwani akamrushia ncha moja.

"Shika hapo, mama. Nakuvuta kama ng'ombe wa kisimani, samahani."

Saida alirudi ndani na buibui limelowa, mkoba mapajani. Saa sita na nusu simu ikaita tena. Bakiri alisema maji yalikuwa yamechemka tangu saa tano. Yamepoa. Wameyaweka tena jikoni. Watu wamejaa uani, wengine wameomba ruhusa kazini, imamu anauliza.

"Foleni tu, shemeji," Saida akasema. "Naona mji kabisa."

"Unaona mji?"

"Naona."

Mama Victorine hakujua Tanga wala Unguja, lakini Kiswahili alikuwa anakisikia. Simu ilipokatika akainama mbele.

"Mama, nikuulize. Kule kuna maiti?"

"Kuna maiti."

"Na bantu banangoja?"

"Wananisubiri mimi."

"Sasa kwa nini unabadanganya? Ungebaambia tu, barabara imefungwa. Kosa si lako, kosa ni la theluji."

Saida akaigeuza simu, kioo chini. Akisema barabara imefungwa, wangemuosha bila yeye. Kila nusu saa aliyowadanganya ilikuwa ni nusu saa ambayo Samira bado alikuwa wake. Na wakati huohuo Samira alikuwa amelala juu ya ubao, hajaoshwa, hajasitiriwa, tangu jana magharibi, jambo ambalo Saida asingekubali afanyiwe hata mtu asiyemjua. Wangapi aliwahi kuwakaripia? Jamaa wa marehemu waliotaka kungoja ndege ya mjomba. Aliwaambia mbele ya watu kwamba wanamtesa.

Adhuhuri ikapita. Saa nane na robo simu ikaita, namba nyingine. Alikuwa Masika, binti wa Samira, miaka kumi na tisa. Masika alizaliwa Durban. Kiswahili alikielewa chote, lakini akizungumza alikitoa kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Ma'mkubwa."

"Mwanangu."

"Baba anasema uko hapa. Anasema dakika kumi. Mimi nimetoka nje barabarani, niko kwa robot, kwa taa za magari, nimesimama saa moja. Sioni gari." Alikuwa anahema. "Wamechemsha maji tena. Hii ni mara ya tatu. Eish, Ma'mkubwa, niambie ukweli. Uko wapi?"

Saida alifungua mdomo na lile neno lilikuwa tayari, tunakaribia. Alilihisi kabisa kwenye ulimi.

"Niko Harrismith," akasema. "Niko hapa tangu asubuhi. Kuna theluji. Sifiki leo."

Magari ya Durban yalisikika nyuma ya Masika yakipita, yanapiga honi, yanatembea.

"Kwa nini hukusema?"

"Sijui, mwanangu."

Alijua. Ila hakuwa na namna ya kulisema kwa mtoto ambaye mama yake yuko juu ya ubao.

"Imamu amesema baada ya alasiri, lazima," Masika akasema. "Yule bibi wa Kihindi ataosha. Lakini Mama alisema ni wewe. Kila siku alisema." Akavuta kamasi. "Nikiosha mimi? Wewe uniambie kwa simu. Mimi sijui. Lakini mikono ninayo."

Saida alitazama mkoba wake. Kila kitu kilichohitajika kule kilikuwa humu, kimekauka, kinanukia. Akauliza kwa sauti ya kazi, ile ya siku zote: "Mkunazi upo?"

"Bibi anao. Ameshaweka."

"Kafuri?"

"Ipo."

"Ingia. Weka simu dirishani, mbali na maji. Ukiwa tayari niite."

Akamgeukia Yasini. "Baba, toka nje."

"Nje wapi?"

"Nje ya gari. Anaoshwa mwanamke. Hupaswi kusikia."

Yasini akatazama theluji, akatazama kandambili zake. Hakubisha. Alijizungushia kikoi kichwani na kubaki macho tu, akafunga mlango polepole na kwenda kusimama karibu na lori, mgongo kwa kombi, kama mlinzi wa benki. Mama Victorine akauliza kama naye atoke. Saida akamwambia abaki, ni mwanamke.

Wakaanza. Funika kutoka kitovuni hadi magotini, kitambaa kisitoke hata kidogo. Sema bismillahi. Funga kitambaa mkononi. Bonyeza tumbo, taratibu, usimuumize. Masika alikuwa akirudia kila neno kabla ya kulitenda, na nyuma yake ilisikika sauti ya yule bibi ikisema kwa Kiingereza, ndiyo, hivyo hivyo. Mtawadhishe. Anza kulia. Bega, mkono, ubavu, mguu. Sasa mgeuzeni. Saida alikuwa amefumba macho, simu mapajani kwa sauti ya juu, na mikono yake ilikuwa inakwenda yenyewe hewani, inamimina, inasugua.

"Nywele sasa," akasema. "Zifumue. Zioshe mpaka kwenye ngozi. Halafu uzisuke mikia mitatu, uilaze nyuma."

Maji yakawa yanadondoka tu.

"Masika?"

"Ma'mkubwa, nywele hazipo."

"Hazipo vipi?"

"Zilikatika. Zote. Tangu Juni." Sauti yake ilipungua. "Hukujua? Alikuwa anavaa kofia. Alisema ukija atakuonyesha mcheke."

Mikono ya Saida ikasimama hewani. Mama Victorine, aliyekuwa hajamjua mtu huyu mpaka alfajiri ile, alimwekea mkono mgongoni na kuuacha hapo. Nje, Yasini alikuja kugonga kioo kwa kidole kimoja, amegeuza uso upande wa pili.

"Bi Saida, masikio yangu yameshakufa. Nikiingia sitasikia kitu, wallahi."

"Kaa huko," Saida akasema. Akajifuta uso kwa ncha ya buibui. "Masika, osha kichwa. Polepole, kama kichwa cha mtoto."

"Naosha."

"Nyuma ya masikio."

"Naosha."

Walimaliza. Maji ya mwisho ya kafuri, taulo, sanda vipande vitano, kimoja baada ya kingine, mpaka ukafika wakati wa kufunika uso. Hapo muosha huwaita jamaa waage. Bibi akasema waingie. Saida akasikia miguu, akamsikia Bakiri akisema maneno ambayo hayakuwa ya kusikiwa na mtu mwingine. Yeye hakuna aliyemwambia aage, si kwa ubaya, walimsahau tu dirishani. Akakata simu mwenyewe.

Barabara ilifunguliwa Jumapili mchana, nao walifika Durban jua linakwenda kuzama. Kule watu walivaa mikono mifupi. Bakiri alikuwa uani anakunja mikeka. Saida akampa pole, akasema alichokuwa amekipanga tangu Harrismith.

"Nilikudanganya, shemeji. Nilimweka Samira juu ya ubao bila haki."

"Wote tunasema hivyo," Bakiri akasema. "Mimi mwenyewe niko dukani nasema niko njiani." Alijaribu kutabasamu. "Jana nilikuwa nikimwambia imamu, muosha wake anaona mji. Mara mbili nimemwambia."

Angemgombeza ingekuwa afadhali. Alirudi kwenye mikeka yake.

Masika akatoka ndani na taulo. Alikuwa na macho ya Samira, Saida alikuwa hajawahi kuliona hilo mpaka siku ile.

"Ma'mkubwa, maji ya moto yapo bafuni. Bibi alisema aliyeosha maiti ni vizuri aoge. Mimi nilioga jana. Wewe bado."

"Mimi sikuosha, mwanangu. Umeosha wewe."

Masika alisimama na taulo mkononi, hajui alirudishe au amwachie.

"Basi oga ya safari tu," akasema.

Saida akalipokea. Akapita sebuleni, kwenye kiti kilichokuwa na kanga moja imekunjwa, akaingia bafuni na kufunga mlango. Ndoo ilikuwa imejaa, inatoa mvuke. Alikaa kwenye kigoda mbele yake, hajavua hata viatu, mpaka mvuke ukaisha.